Bi Mbanaji na Wimbi la Jumapili

Ofisini walimwita Bi Mbanaji, na jina hilo hakulikataa. Lilimshika tangu zamani, alipokuwa karani wa kupiga chapa katika taasisi ya kupima matetemeko ya ardhi. Ripoti ya kurasa tatu aliiingiza katika ukurasa mmoja na ikasomeka. Mifuko ya nailoni aliikunja pembetatu ndogondogo akaipanga ndani ya kopo. Safari ya wiki mbili aliiendea na begi la begani. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mkewe naye alimwita hivyohivyo. Mwalimu alizoea kuwaambia wageni kwamba nyumbani kwake hata maneno hukunjwa kabla ya kusemwa.

Zama zile mtetemo wa ardhi ulichorwa na kalamu juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye ngoma ya chuma. Kila asubuhi Bi Mbanaji aliletewa karatasi hizo, akapima mistari kwa rula, akapiga chapa tarakimu. Kompyuta zilipoingia, wapiga chapa wakaambiwa wajiandae kwenda nyumbani. Wenzake wawili waliaga. Yeye akapiga moyo konde, akaazima kitabu cha mafunzo cha kuandika programu, akakisoma jikoni huku chungu kikichemka, sura baada ya sura, mpaka jalada likanuka kitunguu. Mwaka wa pili programu yake ya kwanza ilikuwa ikipima mistari badala ya rula. Hakuna aliyemwambia tena aende nyumbani.

Alipotimiza miaka hamsini na mmoja, taasisi ilikuwa na vituo kumi na viwili juu ya vilima vilivyouzunguka mji. Kila kituo kilikuwa sanduku dogo la zege lenye kifaa ndani yake, na kifaa hicho kilisikiliza ardhi mara mia kwa sekunde: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Kilichosikika kiliandikwa katika kumbukumbu ya kifaa, kisha kikatumwa kwa redio kupitia mnara mmoja hadi ofisini. Msimamizi wa yote hayo alikuwa mtaalamu wa matetemeko, mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeitwa Profesa ingawa hajawahi kufundisha chuo chochote. Na aliyepanda vilima kukarabati vifaa alikuwa fundi wa vituo, mtu wa makamo, mcheshi, ambaye viatu vyake vilikuwa na tope hata wakati wa kiangazi.

Siku moja tetemeko dogo liliupiga mji. Halikuua mtu, ila lilipasua ukuta wa shule anayofundisha Mwalimu, darasa la tatu likahamia kwenye ghala la madawati. Profesa alikimbilia kompyuta kuangalia lilianzia wapi. Akakuta vifaa tisa kati ya kumi na viwili vimekosa sekunde tisa za mwanzo, zile hasa zilizotakiwa.

Bi Mbanaji alikaa siku tatu akikuna kichwa mpaka akajua kulikoni. Vifaa vile vilikuwa na akili nyingi na kumbukumbu finyu. Programu iliyokuja navyo iliandika kila kipimo kwa maneno kamili: jina la kituo, tarehe, saa, mwelekeo, ndipo tarakimu yenyewe. Mara mia kwa sekunde kifaa kilijitambulisha upya, kama mgeni anayetaja jina lake na la babu yake kabla ya kila tonge. Tena, kabla ya kutuma, kilinakili yote hayo pembeni, kisha kikanakili nakala. Ardhi ikitulia mambo yalikwenda. Ardhi ilipoanza kuruka, tarakimu zikawa ndefu, nafasi ya kufanyia kazi ikajaa pomoni, kifaa kikajizima na kujiwasha upya. Kujiwasha kulichukua sekunde tisa. Na hata siku za utulivu, mnara wa redio ukinyamaza kwa zaidi ya saa tatu, kumbukumbu ilijaa na kifaa kikaanza kufuta cha zamani.

Profesa akaandika barua makao makuu kuomba vifaa vipya. Barua ilikwenda, na jibu halikurudi. Ndipo Bi Mbanaji alipokwenda ofisini kwake, akasimama mlangoni, akamwomba miezi miwili.

"Ya nini?" Profesa aliuliza.

"Ya kuvifundisha vifaa kufunga mizigo."

Profesa hakumwelewa vizuri, lakini alimjua. Akampa mitatu.

Kwanza alijaribu kazi za watu wengine. Watengeneza programu wana kitu wanachokiita maktaba, ambacho si nyumba ya vitabu. Ni furushi la kazi ambazo mtu keshaziandika vizuri, ili mwingine azichukue tayari badala ya kuanza na sifuri. Maktaba za kufungasha data zilikuwapo tele. Ya kwanza aliyoipakua ilikuwa nzuri na yenye maelezo mengi, ila yenyewe tu ilikuwa kubwa kuliko kumbukumbu ya kifaa. Ilikuwa kama kununua kabati lisilopita mlangoni. Ya pili ilikuwa ndogo, lakini ukitaka kipimo kimoja cha saa sita mchana ilikubidi ufungue mzigo wa siku nzima uutandaze, na mahali pa kuutandaza hapakuwapo. Ya tatu aliipenda, akaipakia kwenye kifaa kimoja cha majaribio, ikakaa siku mbili ikafa kimyakimya. Hakuwahi kujua sababu.

Basi akaandika yake. Alianza na daftari, si kompyuta. Akajiuliza ni nini ambacho kifaa na ofisi wote wawili wanakijua tayari, akakifuta. Jina la kituo? Linajulikana. Tarehe? Itajwe mara moja kwa siku. Mwelekeo? Mpangilio ni uleule daima, hauna haja ya kutajwa. Ikabaki tarakimu tupu. Na hiyo nayo akaitazama kwa jicho kali, akaona kwamba ardhi haina pupa: kipimo kimoja hakitofautiani sana na kilichokitangulia. Kwa hiyo asiandike kipimo kizima, aandike tofauti tu, mbili juu, moja chini, sifuri, sifuri, moja juu. Tofauti ndogo hukaa katika baiti moja, ambayo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kumbukumbu anayoweza kuishika kwa urahisi. Kubwa ipewe mbili, au tatu, pale tu inapobidi. Kisha akaamua kila dakika ianze na kipimo kamili, na mwanzoni mwa mzigo pawe na orodha fupi inayosema dakika ipi imekaa wapi. Hivyo mtu akitaka dakika moja aiendee moja kwa moja, aisome palepale ilipolala, bila kunakili kitu.

Mwalimu alimkuta mezani na daftari hilo, akainama kusoma. Aliposhindwa aliuliza ni nini. Mkewe akamweleza kwa sentensi tatu. Mwalimu akasema laiti wanafunzi wake wa darasa la saba wangeandika insha kwa namna hiyo, angekuwa analala mapema.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Alivipakia vifaa viwili programu mpya siku ya Jumatatu; Jumatano Profesa akaja na mchoro mkononi, amekunja uso, akauweka mbele yake. Kwa mujibu wa mchoro ule vilima viwili vilikuwa vikididimia, tena kwa kasi, na kufikia mwisho wa mwezi vingekuwa mabonde. Fundi wa vituo alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza iwapo apande na kamba au na ngazi ya kushukia.

Kosa lilikuwa dogo la kuudhi. Mahali pamoja alikuwa ameisahau alama ya kutofautisha hatua ya kupanda na hatua ya kushuka, na kila hatua ikahesabiwa ya kushuka. Alipolirekebisha, vilima vikasimama, lakini mizigo ikanenepa, maana hatua za kushuka zilikuwa zikiandikwa kwa njia ndefu. Alihangaika nalo wiki nzima. Jibu lilimjia akiwa uwanjani kwenye shule ya Mwalimu, alikopeleka kitabu kilichosahauliwa nyumbani. Wanafunzi walikuwa wakipangwa mstari mmoja, msichana, mvulana, msichana, mvulana. Akasimama na kitabu mkononi. Hatua za kushuka na za kupanda nazo zingeweza kupangwa zamu kwa zamu: sifuri, moja chini, moja juu, mbili chini, mbili juu, zote katika mstari mmoja, kila hatua ikipewa namba ndogo ya zamu yake. Alirudi ofisini mbiombio na kitabu kile bado kiko mkononi, na Mwalimu akafundisha kipindi hicho kwa kichwa.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, vifaa vyote kumi na viwili vilikuwa na maktaba yake. Kipimo kilichokuwa kikila baiti arobaini sasa kilikula moja, mara chache mbili. Kifaa ambacho kilijaa kwa saa tatu sasa kingeweza kukaa siku nne na ushei bila kusemeshwa na mtu. Profesa alihesabu mara mbili kwa kalamu, akamkazia macho juu ya miwani yake yenye uzi, akasema tu, "Haya." Kwa Profesa hiyo ilikuwa hotuba.

Maktaba yenyewe Bi Mbanaji aliiweka wazi mtandaoni ili anayeitaka aichukue bure. Kisha akaendelea na kazi nyingine, na pengine habari yake ingeishia hapo.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja jioni, upepo uliuangusha mnara wa redio. Ofisi ikawa kiziwi. Fundi wa vituo alitazama vyuma vilivyopinda, akasema kabla ya Jumanne haiwezekani.

Jumapili usiku habari zikatangazwa kwamba asubuhi ile, mbali sana, ng'ambo ya bahari mbili, kulitokea tetemeko kubwa ambalo watu wengi hawajawahi kuona mfano wake. Bi Mbanaji na Mwalimu walisikiliza wakiwa wameweka vijiko chini. Idadi ya waliokufa ilitajwa, kisha ikasemwa kuwa haijakamilika. Mwalimu alizima redio kabla ya muziki kuanza.

Jumatatu Profesa hakutulia. Alizunguka ofisini mikono nyuma, akisema kuwa tetemeko kama lile huja mara moja katika maisha ya mtu, na vituo vyao vimenyamaza.

"Havijanyamaza," Bi Mbanaji alimwambia. "Havina pa kusemea tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kujiamini, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi. Siku nne na ushei ilikuwa hesabu ya daftarini. Vifaa havijawahi kuachwa peke yao zaidi ya usiku mmoja. Usiku ule alilala kwa vipande vipande.

Jumanne saa tano asubuhi mnara ulisimamishwa tena, na vituo vikaanza kumimina. Alikaa mbele ya kompyuta akitazama mizigo ikiingia mmoja mmoja. Kila mzigo ulikuwa na namba ya ukaguzi mwishoni, ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Kituo cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tano hakikuitika. Baadaye ilijulikana kuwa mtu alikuwa amekiibia paneli yake ya umeme wa jua usiku wa Jumamosi. Vilivyobaki kumi na moja vilileta kila kitu, tangu Jumamosi jioni hadi dakika ile, bila pengo la sekunde moja. Mashine ya kuchapa ikachora Jumapili nzima katika mstari mmoja, na Profesa akautandaza mkanda wa karatasi juu ya meza mbili zilizounganishwa.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Tetemeko lilitokea saa tatu na dakika kumi. Baada ya dakika kumi na tatu ukaonekana mtikisiko mwembamba, wa kwanza kufika, uliopita tumboni mwa dunia. Kisha, saa nne kasoro dakika tano, mstari ukapanda na kushuka kwa mawimbi mapana, ya polepole, makubwa kuliko chochote alichowahi kukiona katika miaka ishirini na tisa. Bi Mbanaji aliona hilo ndilo tetemeko lenyewe, akadhani habari imekwisha. Mstari ulitulia. Lakini kidole cha Profesa hakikusimama. Kilitambaa juu ya karatasi hadi saa tano na dakika ishirini na tano, na pale mawimbi yalikuwapo tena, yaleyale mapana, madogo kidogo.

"Tetemeko jingine?" aliuliza Bi Mbanaji.

Profesa alitikisa kichwa.

"Ni lilelile. La kwanza lilikuja kwa njia ya mkato. Hili limekuja kwa upande wa pili wa dunia."

Kidole kikaendelea. Saa saba kasoro dakika tano, mawimbi tena. Hilo, Profesa alisema, ni lile la kwanza. Lilipita hapa asubuhi, likaenda, likaizunguka dunia nzima, likapita mahali lilipozaliwa, na sasa limerudi. Saa nane na dakika ishirini na tano, lile la upande wa pili nalo limemaliza mzunguko wake. Saa kumi kasoro dakika tano, la kwanza tena, jembamba sasa kama pumzi ya mtoto aliyelala. Profesa alisema alisoma habari hizo vitabuni akiwa kijana, na hakutegemea kuziona katika karatasi ya vituo vyake mwenyewe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa bila kutazama tena karatasi.

Bi Mbanaji alirudi kwenye kiti chake. Aliita dakika moja tu, ile ya saa tano na dakika ishirini na tano, na kompyuta ikampa papo hapo bila kufungua Jumapili yote. Akahesabu ardhi ilipanda kiasi gani. Ilipanda upana wa ukucha wake. Taratibu, kwa sekunde kumi, kisha kwa sekunde kumi ikashuka, kisha ikapanda tena. Kituo kimoja baada ya kingine kilisema vilevile. Kwa hiyo mji wote ulinyanyuliwa, na nyumba zake, na mnara ulioanguka, na shule yenye ufa, ukawekwa chini polepole, ukanyanyuliwa tena, na hakuna hata kikombe kilicholia kwenye sahani.

Akajaribu kukumbuka alikuwa wapi. Saa nne kasoro alikuwa akianika nguo. Saa tano na dakika ishirini na tano alikuwa sokoni, akibishana na muuza nyanya kuhusu mizani. Mizani, muuzaji, nyanya na yeye mwenyewe walikuwa wakipanda na kushuka juu ya mgongo wa kitu kilichotoka upande wa pili wa dunia, kitu kilekile kilichobomoa nyumba za watu huko. Alimfikiria mwanamke ambaye huenda naye huko alikuwa anaanika nguo.

Jioni alimleta Mwalimu ofisini. Hakuwahi kumleta kwa ajili ya kazi. Mwalimu alitembea kando ya meza mbili zile tangu mwanzo wa karatasi hadi mwisho, akielezwa, akiitikia kwa kichwa tu. Mwishoni aliuliza swali moja: sasa limekwenda wapi?

Mkewe akamwambia kwamba huenda bado linazunguka. Limekuwa dogo tu kiasi kwamba hakuna kifaa kinacholisikia.

Wiki iliyofuata, alipolinganisha vituo, aliona kwamba cha saba kilisema wimbi limefika sekunde mbili baada ya majirani zake. Wimbi halikuchelewa, saa ya kifaa ndiyo iliyochelewa. Akamwambia fundi wa vituo akairekebishe. Fundi akasema sawa, kisha, kwa utani, akamuuliza mbona yeye miaka ishirini na tisa anasoma habari za vilima na hajakanyaga hata kimoja. Asubuhi yake Bi Mbanaji akaja na viatu vya mpira na begi lake la begani.

Walipanda saa mbili nzima. Njia ilikuwa ya mawe na nyasi zenye umande, na alisimama mara nyingi akihema, mkono kiunoni. Kileleni palikuwa na sanduku la zege lisilozidi kimo cha goti, paneli ya jua, na waya wa antena. Chini yao mji ulionekana wote: mabati, barabara, uwanja wa shule. Fundi alifungua kifuniko, na Bi Mbanaji akakiona kifaa chenyewe kwa mara ya kwanza kikiwa kazini. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu kidogo, kimekaa juu ya mwamba, na taa moja ya kijani ikipepesa. Hakikutoa sauti yoyote.

Alianza kukizunguka ili akione vizuri upande wa pili.

"Simama kidogo, dada," fundi alisema kwa upole, bila kuinua macho kutoka kwenye waya zake. "Unaandikwa, hatua kwa hatua."

Alisimama hapo alipofika, mguu mmoja mbele, akashusha pumzi polepole na kuyatazama majani karibu na kiatu chake. Taa ya kijani iliendelea kupepesa, na fundi akairekebisha saa.